Shajara ya mradi: safari ya kuchuja miji

Jumapili. Kazi ya safari

Kuhama tumekubaliana. Wapi, bado. Orodha ina miji sita, na kila mmoja una wakili wake humu ndani: mimi nautetea mji wa ziwani, mke wangu ule wenye chuo kikuu, na watoto wameungana upande wa pwani kwa sababu zisizohitaji maelezo. Nafungua shajara hii leo ili mabishano yahamie kwenye karatasi.

Fedha iliyopo inatosha safari moja ya gari, haitoshi mbili. Kwa hiyo kabla ya njia na tarehe nimeandika kazi ya safari yenyewe: tunakwenda kutafuta majibu ambayo hayapatikani ukiwa umekaa nyumbani. Mji usio na swali la namna hiyo haulipiwi mafuta. Swali linalojibika kwa simu, kwa takwimu au kwa picha za setilaiti litajibiwa hapahapa nyumbani, kisha linafutwa.

Mke wangu amesoma, akauliza, "Na ule tutakaoupenda tu, bila swali lolote, baba watoto?" Nikamwambia huo ndio wa kuogopwa kuliko yote. Hakuridhika, lakini ameniacha niendelee.

Jumatano. Hali ya hewa imefutwa

Swali lililojirudia zaidi kwenye orodha yetu lilikuwa la joto na mvua. Nimelifuta kwa miji yote sita. Ukikaa mahali siku mbili unajua siku hizo mbili zilikuwaje, basi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia wastani wa miaka 30 kueleza hali ya mahali, na kipindi cha marejeo kwa sasa ni 1991 hadi 2020. Majedwali ya mwezi kwa mwezi yanapatikana bure na yanajua zaidi ya ngozi zetu. Pale ambapo kituo cha kupimia kiko mbali, mwinuko unasaidia kukisia: joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa mlimani uko mita 1,500 juu ya ule wa bondeni, kwa hiyo tutarajie tofauti ya nyuzi kumi hivi. Hilo linahitaji sweta, halihitaji mjadala.

Ipo sababu nyingine ya kuinyima hali ya hewa uzito. Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa California na wenzao wa majimbo ya kati-magharibi ya Marekani. Wote waliamini kwamba watu wa California, na jua lao lile, ndio walioridhika zaidi na maisha. Lakini kila mmoja alipoulizwa maisha yake mwenyewe, kiwango cha kuridhika kilikuwa kilekile pande zote. Mtu anayewaza kuhama hukodolea macho kile kinachotofautiana. Akishahamia, anaishi na yaleyale: kazi, foleni, usingizi, jirani, bili. Nimeliandika hilo juu kabisa ya jedwali letu, kwa herufi kubwa, maana mtu wa ziwa ni mimi.

Ijumaa. Miji sita imebaki minne

Wa kwanza kuondoka ni wa bondeni. Ramani ya mafuriko ya eneo lile inaonyesha kwamba mitaa ambayo kodi yake tunaimudu iko karibu yote ndani ya eneo la yale yanayoitwa mafuriko ya miaka mia. Jina hilo linawadanganya wengi. Maana yake si kwamba ukifurika leo unapumzika karne nzima. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1. Kwa miaka 30, muda wa kulea watoto na kumaliza mkopo wa nyumba, uwezekano wa kufurikiwa angalau mara moja ni karibu asilimia 26. Zaidi ya nafasi moja katika nne. Hatukuhitaji kuwasha gari kujua hilo.

Wa pili ni mji mkubwa. Hapa nilitumia programu ya ramani kwenye simu: siku za kazi, saa moja asubuhi, nilitazama muda wa kutoka mtaa tunaoumudu hadi katikati ya mji. Saa moja na nusu, mara nyingine zaidi, na hapo ni kwenda tu. Mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika mwaka 1994 kwamba watu wa zama na miji tofauti huelekea kutumia wastani wa saa moja hivi kwa siku katika safari zao zote. Sisi tungetumia mara tatu ya hiyo. Mke wangu alisema, "Huo hata usiuandikie swali," akaukata kwa kalamu yake mwenyewe.

Minne iliyobaki sasa ina maswali yake. Ziwani: barabara kuu inapita nyuma ya mtaa tuliouona kwenye matangazo ya nyumba, je, usiku unalalika? Mlimani: kazi yangu yote inapita kwenye intaneti, je, inashika majira ambayo kila mtu yuko nyumbani? Kwenye chuo: nyumba za kupanga zinapatikana kweli wanafunzi wakiwa wamerudi, au zile za kwenye matangazo ni za wakati wa likizo? Pwani: wageni wa mapumziko wakiondoka, ni nini kinabaki wazi?

Maswali mawili ya mwisho yametupangia tarehe bila sisi kuchagua. Lazima iwe wakati wa muhula, na lazima isiwe msimu wa wageni. Kwa bahati nzuri nyakati hizo zinakutana, na nje ya msimu malazi ya pwani hushuka bei.

Jumamosi. Njia

Miji sita na nyumbani ingetupa mizunguko 360 tofauti ya kuipitia. Minne inatoa 12 tu, na 12 unaikagua kwa mkono na kikombe cha chai. Nimeiandika yote na umbali wake. Mfupi kuliko wote una kilomita 1,480. Wa pili kwa ufupi unauzidi kwa kilomita 35 tu, na huo ndio nilioutaka, ila nimeshindwa kura.

Sababu yangu ni hii. Mji wa kwanza mnaufikia mkiwa na hamu, kila kitu kizuri. Wa mwisho mnaufikia mkiwa mmechoka na nguo zimeisha. Mji ambao tayari una mpenzi ndani ya gari usiwekwe mwanzo wala mwisho. Uwekwe katikati, upimwe kwa macho ya kawaida. Mzunguko mfupi unauweka ziwani mwanzo kabisa. Mke wangu akasema basi tuuzungukie kinyume. Umbali ni uleule, lakini ziwani sasa ni ya mwisho, yaani mimi mwenyewe nitakuwa nimechoka nikiufikia. Anasema ni sawa tu, mtu aliyekwisha kuupenda mji anaweza kuupima kwa uchovu. Nimekubali. Njia ni: chuo, mlimani, pwani, ziwani, nyumbani.

Kanuni ya ratiba: kila mji usiku mbili, na kati yake lazima iwemo asubuhi moja ya siku ya kazi. Jumapili kila mji ni mtulivu na kila barabara iko wazi. Tunataka kuona saa moja asubuhi ya Jumanne, watoto wanavyokwenda shule, mabasi yanavyojaa, lori la taka linapita au halipiti.

Jumatatu. Mafuta

Hili ndilo fungu ambalo watu hulikisia, kisha wanaishiwa wakiwa njiani kurudi. Kitabu cha gari letu kinadai lita 6.5 kwa kilomita 100. Tumepima wenyewe: jaza tangi mpaka pampu ijikate, andika kilomita, endesha maisha ya kawaida, rudi kituo kilekile ujaze tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia gawanya kwa kilomita, zidisha mia. Letu linakunywa 7.9.

Hesabu ya ramani peke yake ingekuwa kilomita 1,480. Lakini safari ya kutafuta makazi haifanani na safari ya kupita. Ukifika, ndipo kuendesha kunaanza: mtaa huu, shule ile, kurudi tena jioni kuona foleni. Nimeweka kilomita 50 kwa siku, siku mbili kwa kila mji. Hizo ni kilomita 400 juu, zaidi ya moja ya tano ya safari nzima, na hakuna ramani itakayokuhesabia. Jumla 1,880, sawa na lita 149 hivi. Nimeongeza asilimia kumi kwa milima na kupotea: lita 163. Ndiyo namba iliyoingia kwenye bajeti. Gari la mtu mwingine litakuwa na namba nyingine, lakini hesabu ni hiyohiyo.

Kupunguza je? Mwendo kwanza. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 120, nguvu inayokuvuta nyuma inaongezeka kwa asilimia 78. Tutakwenda 90. Tutachelewa, na hakuna anayetusubiri. La pili ni sanduku la kubebea mizigo juu ya paa, ambalo shemeji alijitolea kutuazima. Vipimo vya serikali ya Marekani vinaonyesha kwamba sanduku kubwa la aina hiyo linaweza kupunguza ufanisi wa mafuta kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye mwendo wa kasi wa barabara kuu. Azima hiyo ni ghali. Tutapunguza nguo.

Nimeangalia pia akiba kubwa iko wapi hasa, na haipo kwenye mwendo wala sanduku. Kuikata ile miji miwili mezani kumeondoa karibu kilomita 900 na usiku nne za malazi. Hakuna ujanja wa barabarani unaofikia hapo.

Alhamisi. Kwa fundi

Gari limekaguliwa: breki, mkanda, kipoza-injini, betri, oili. Nilitegemea matairi yatapita kwa sababu kashata bado ndefu. Fundi akainama, akafuta vumbi ubavuni, akanionyesha tarakimu nne. "Mzee, soma hapa. Mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka." Tairi lililoandikwa 2319 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata gari likilala bandani, na watengenezaji wengi wanasema lisivuke miaka kumi kwa hali yoyote. Mawili yetu ya nyuma yako sawa. La akiba, ambalo halijawahi kugusa lami, ndilo zee kuliko yote. Limebadilishwa. Gharama hiyo haikuwa kwenye bajeti, imetoka kwenye akiba, na akiba imebaki asilimia 15 ya jumla. Chini ya hapo hatuendi.

Amenikumbusha pia kupima upepo matairi yakiwa ya baridi, asubuhi kabla ya kuondoka, kwa sababu yakishapata moto kipimo kinapanda. Na mlimani nisishangae gari likilegea: injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000.

Jumapili. Malazi

Tumeacha wazo la hoteli za kando ya barabara kuu. Ni rahisi kufika na ni rahisi kuondoka, ndiyo sababu hazitufai: hazikuambii lolote kuhusu mtaa. Tunatafuta chumba au nyumba ndogo ndani ya mtaa uleule ambao tungepanga, yenye jiko. Tukipika wenyewe, chakula kinakuwa fungu dogo, na tunalazimika kwenda sokoni kununua kama wenyeji, ambayo ni taarifa tosha juu ya gharama za maisha. Chuo na mlimani vimepatikana. Ziwani nimechagua kwa makusudi nyumba iliyo upande wa barabara. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Simu yangu haina usahihi wa kitaalamu, lakini masikio mawili yaliyolala hapo usiku mbili yatatosha.

Hema nimelikataa. Lingeokoa fedha, kweli. Lakini unaweza kuuchukia mji mzuri kwa sababu ya mgongo wako.

Jumanne. Maswali ya mama mkwe

Watoto watabaki kwa bibi yao, jambo lililopunguza bajeti na kuongeza malalamiko. Tulipokwenda kupanga naye nikamwonyesha jedwali, najivuna kidogo. Akavaa miwani, akasoma mpaka chini, akauliza, "Mwanangu, mtoto akizidiwa saa nane usiku, mnampeleka wapi?"

Hatukuwa na safu hiyo. Tulikuwa na umbali wa hospitali, na umbali si jibu: kuna zahanati zinazofungwa jioni na hospitali ambazo idara ya dharura ni kibao tu. Sasa kila mji una zoezi lake: usiku wa kwanza, baada ya chakula, tunakwenda mpaka mlango wa dharura, tunaangalia kama kuna taa na mtu. Ni ndani ya mji, kwa hiyo haligongani na kanuni yetu ya kutosafiri usiku kati ya mji na mji.

Akaongeza la pili: "Maji msimuulize mwenye nyumba." Tutatazama mapaa. Kila nyumba ikiwa na tangi kubwa juu, bomba haliaminiki, hata dalali aseme nini. Kwa umeme, tutahesabu majenereta mbele ya maduka.

Alhamisi. Uchovu

Kwa kifupi. Si zaidi ya saa tano za usukani kwa siku, mapumziko ya robo saa kila baada ya saa mbili, kubadilishana dereva hapohapo. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakipiga marufuku barabarani. Kuamka saa kumi alfajiri ili kuokoa usiku mmoja wa malazi kunaonekana ni ubahili wa akili mpaka ifike saa tatu usiku. Umefutwa.

Jumamosi. Madaftari mawili

Wazo la mke wangu, na naliona ndilo bora kuliko yote yaliyomo humu. Kila mmoja atakuwa na daftari lake. Asubuhi ya kuondoka katika mji, kabla ya kuwasha gari, kila mtu anaandika peke yake: jibu la swali la mji, alama za vipengele vilivyokubaliwa, na saa moja ya jana aliyoipenda kidogo kuliko zote. Hatusomeani mpaka tufike nyumbani. Tukijadiliana ndani ya gari, anayeongea zaidi atashinda, na sote tunajua ni nani.

Alama zenyewe hazizidi vipengele saba. Nilikuwa na vingi zaidi, ila kipengele kinachopata alama sawa kwa miji yote minne hakisaidii kuchagua. Kwa hiyo "watu wakarimu" imetoka. "Intaneti" imebaki, na itapimwa saa mbili usiku kwa simu ya video na mfanyakazi mwenzangu mmoja aliyekubali kusumbuliwa. Kupokea video ni rahisi. Tatizo langu ni kutuma faili kubwa, na kasi ya kutuma ndiyo kampuni nyingi huiandika kwa herufi ndogo.

Kanuni ya mwisho: hatusaini wala kulipa kishika-nyumba safarini, hata kwa nyumba ya ndoto. Dalali anayesema kuna mtu mwingine anakuja kesho, tutamtakia heri huyo mtu mwingine.

Jumatano. Hali ya mradi

Gari tayari. Ramani za miji yote minne zimepakuliwa kwenye simu zote mbili, maana njia ya kupanda mlimani haina mtandao sehemu kubwa. Nakala za nyaraka zimepigwa picha. Madaftari yamenunuliwa, la kwake lina mistari, la kwangu halina. Miadi ipo ya kuonana na walimu wakuu wa shule mbili. Wa mlimani bado hajajibu barua pepe, kwa hiyo tutabisha hodi.

Kilichobaki ni malazi ya pwani. Mwenye nyumba anataka malipo yote kabla, bila mkataba, na hilo halifanyiki. Nimempa mpaka Ijumaa. Asipokubali, usiku mmoja wa pwani unahamia mlimani, ambako swali letu ni gumu zaidi, na pwani tutapita mchana wa siku ya kazi tuone ni maduka mangapi yako wazi. Watoto hawajaambiwa.